Nilituma nusu ya tangazo, mwenzangu akabaki nyumbani

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 22, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya ualimu katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania. Tangu mwaka wa kwanza nimekuwa kiongozi wa darasa, au CR kama tunavyozoea kusema, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kupokea matangazo kutoka idarani na kuyafikisha kwa wenzangu wapatao 140. Ninakuandikia kwa sababu ya tangazo moja ambalo sikulifikisha lote, na kwa sababu ya mtu mmoja anayenishukuru kwa kazi ambayo sikuifanya.

Muhula wa kwanza ulipofunguliwa, Jumatatu asubuhi katibu muhtasi wa idara alitutumia viongozi wote wa madarasa tangazo la kurasa mbili lililoelekezwa kwa wanafunzi na wafanyakazi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mambo tunayoyasikia kila mwaka: siku ya kuanza mihadhara, utaratibu wa kugawa vyumba vya mabweni, agizo kwa wahadhiri kuwasilisha mpangilio wa masomo yao, shilingi 50,400 za bima ya afya kwa asiye na kadi, na sharti kwamba usajili utafungwa Ijumaa ya wiki ya pili na hakuna atakayesajiliwa kabla ya kulipa angalau nusu ya ada. Saa hiyo nilikuwa kwenye foleni ya chumba, tranka langu likiwa miguuni, bando limebaki kidogo na simu inaita kila dakika. Nilipiga picha ya ukurasa wa kwanza kwenye skrini, nikaituma kwenye kundi letu la WhatsApp na kuandika chini yake: "Mwisho wa usajili ni Ijumaa ijayo. Lipeni nusu ya ada." Ukurasa wa pili sikuufungua.

Ninaye rafiki ambaye hapa nitamwita Jirani, kwa kuwa mwaka jana tulilalia kitanda kimoja cha ghorofa, yeye chini na mimi juu. Kwao ni Newala, mkoani Mtwara, na baba yake ni mkulima wa korosho. Ana mkopo, lakini Bodi ya Mikopo ilimpa fedha za chakula na malazi pamoja na sehemu tu ya ada, hivyo familia husubiri mnada wa korosho upite na chama cha msingi cha ushirika kilipe ndipo wamalizie kiasi kilichobaki. Wakati wa likizo mama yake aliugua, simu janja yake ikauzwa, akabaki na kitochi. Kundi la WhatsApp hakuwa nalo tena. Alikuwa ananitegemea mimi.

Alinipigia Jumatano ya wiki ya kwanza, sauti ikikatikakatika, akaniuliza: "CR, hakuna namna ya kuomba muda? Mnada wa kwanza umepita ila fedha hazijaingia." Nikamjibu, na maneno yangu nayakumbuka yote: "Tangazo halijasema hivyo. Ni kulipa tu."

Jumamosi, siku moja baada ya usajili kufungwa, nilikuwa natafuta saa za maktaba ya usiku. Nikalifungua lile faili tena, nikashuka mpaka ukurasa wa pili. Aya ya tatu ilieleza kwamba mwanafunzi mwenye sababu ya msingi ya kutokamilisha malipo aandike barua kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma, kupitia kwa mkuu wa idara, akiambatisha uthibitisho, kabla ya saa 9:30 alasiri ya ile ile Ijumaa. Nilikaa na simu mkononi mpaka mwanga wake ukazimika wenyewe.

Leo ni Jumanne ya wiki ya tatu. Jirani amenipigia jana kuniambia kwamba ameamua kuahirisha mwaka na kukaa nyumbani amsaidie mama yake. Akanishukuru kwa kumwambia ukweli mapema, kwa sababu wengine wangempa matumaini ya bure. Sikuweza kusema kitu. Nilimwambia salio linaisha.

Rafiki yangu mmoja, ambaye ndiye pekee niliyemweleza, anasema ninyamaze. Tangazo lilibandikwa ubaoni, kila mtu ni mtu mzima, na CR si mzazi wa mtu. Pia nimewaza jambo lingine: wiki ijayo tunasaini bumu, yaani posho ya mkopo, shilingi 600,000 za siku 60, na Jirani alibakiza kama laki nne na nusu za ada. Ninaweza kumlipia bila yeye kujua fedha zimetoka wapi, kisha nitafute namna ya kula. Karatasi ya mahudhurio nayo ina majina mengine mawili ambayo hayajasainiwa tangu tufungue. Uchaguzi wa viongozi wa madarasa unakaribia na wenzangu wanataka niendelee. Nifanye nini, mama?

CR mwenye mzigo

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeomba ipite mbele ya nyingine zilizotangulia, kwa sababu jambo lako lina saa inayotembea, na nitaieleza hiyo saa baada ya muda mfupi. Kwanza niruhusu nilirudie tatizo lako kama nilivyolielewa, unisahihishe moyoni mwako pale nitakapokosea. Ulipewa kazi ya kuwa mdomo wa idara kwa watu 140. Katika haraka ya siku ya kwanza ulifikisha nusu ya maneno. Rafiki yako aliuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa kwenye simu yako, ukamjibu kwa uhakika jambo ambalo hukuwa na uhakika nalo. Sasa ameshachukua uamuzi mkubwa wa maisha yake juu ya jibu lile, na anakushukuru. Nikisoma vizuri, kinachokunyima usingizi zaidi ya kosa lenyewe ni zile shukrani.

Nilifanya kazi kwa miaka mingi katika ofisi ya usajili ya chuo kimoja, tangu kabla Bodi ya Mikopo haijaanza kazi mwaka 2005, wakati matangazo yote ya kufungua chuo yalikuwa karatasi na ubao. Mwaka mmoja nilibandika orodha ya vyumba juu ya tangazo la mitihani ya marudio, kwa kuwa ubao ulikuwa umejaa na wanafunzi wamenizunguka. Pembe ya tangazo la chini ilikuwa inaonekana, na ukiwa makini ungeweza kusoma neno "marudio" pembeni. Kijana mmoja hakuwa makini. Nilipokuja kumweleza, miezi mitatu baadaye, alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua begi lake, akaondoka. Sijui hadi leo alifikiria nini. Sikupi kisa hiki kama mfano wa kufuata wala wa kukwepa. Ninachotaka ujue ni kwamba ninayekujibu si mtu aliyesimama ng'ambo ya mto.

Sasa ile saa. Unaandika kana kwamba mlango umeshafungwa na kilichobaki ni kuungama au kutoungama. Je, una hakika? Vyuo vingi vina kipindi cha kusajili waliochelewa, kwa faini, baada ya siku ya mwisho iliyotangazwa, vingine havina. Sijui chenu kiko upande gani, lakini kanuni za chuo chenu zinajua, na ofisi ya msajili wa taaluma inajua. Kisha kuna mahudhurio. Kama chuo chenu kinafuata kiwango cha asilimia 75 ili mtu aruhusiwe kufanya mtihani, kama vifanyavyo vingi, basi hesabu yake ni hii: kwa muhula wenye wiki 15 za mihadhara, anayeanza mwanzoni mwa wiki ya nne amekosa tatu na bado anaweza kufikia asilimia 80, lakini anayeanza wiki ya tano ameshashuka chini ya 75 hata kama hatakosa tena siku moja. Uliandika Jumanne ya wiki ya tatu, na kutoka Newala hadi chuoni kwenu si safari ya kuamka na kufika.

Nikuulize pia kuhusu neno "kuahirisha", kwa sababu ninahofu kwamba wewe na Jirani mnalitumia kama watu wanavyolitumia kwenye korido za bweni. Kukaa nyumbani si kuahirisha. Kuahirisha ni barua, sababu, uthibitisho na kibali cha chuo, na kwa mwenye mkopo ni lazima afisa mikopo wa chuo naye ajue, ili Bodi isimamishe fedha zake kwa utaratibu badala ya kumkuta hayumo kwenye orodha ya waliosajiliwa. Vyuo vingi humhesabu mwanafunzi asiyesajiliwa na asiye na kibali kuwa ameacha masomo. Je, Jirani ameandika barua hiyo? Nani amemwambia kwamba inaandikwa? Inawezekana kabisa kwamba hata uamuzi wake wa kubaki nyumbani, ambao huenda ni uamuzi mzuri, unategemea maneno ambayo bado hajayasikia. Hapo naona jambo moja ambalo si la lawama wala la kuungama: ana haki ya taarifa kamili, leo, hata kabla hamjaongea habari ya nani alikosea.

Nimesema huenda ni uamuzi mzuri, na ninalimaanisha hilo. Umelieleza jambo hili kana kwamba ada ndiyo iliyomweka nyumbani, na wewe ndiye uliyemfungia njia ya ada. Lakini yeye alikuambia anabaki amsaidie mama yake. Pengine anajifariji. Pengine mama anaumwa kuliko alivyokueleza, na hata angepata muda wa kulipa asingekuja. Wewe hujui, na mimi sijui. Aliyejaa majuto huwa mwepesi wa kuchukua maisha ya mwenzake yote na kuyafanya matokeo ya kosa lake yeye. Ukimpigia ukiwa na hukumu tayari kwamba umemharibia maisha, utamlazimisha akutulize wewe, wakati yeye ndiye mwenye mgonjwa nyumbani.

Kuhusu lawama, rafiki yako anayekushauri unyamaze amesema jambo lenye kweli ndani yake, ingawa siamini kwamba lina kweli yote. Tangazo lilibandikwa, ndiyo, lakini mtu aliye Newala hausomi ubao wa idara. Idara ilichagua kupitisha jambo zito hivi kwa wanafunzi wenye mabando yao wenyewe, kwa faili, bila kuuliza nani hana simu ya kulifungua, na ikaiweka aya iliyowahusu wanyonge kuliko wote kwenye ukurasa wa pili, baada ya agizo la mpangilio wa masomo. Hilo linaniuma kama mtu aliyeandika matangazo ya aina hiyo. Hata hivyo, Jirani hakuuliza ubao, wala hakuuliza idara. Alikuuliza wewe, na swali lake lilikuwa la moja kwa moja. Sehemu hiyo ni yako, na nadhani ndiyo maana maneno ya rafiki yako hayakukutosha, ukaniandikia.

Tuzungumze basi juu ya njia zilizopo mbele yako, na kila moja ina gharama yake.

Unaweza kumpigia Jirani kwanza. Ukifanya hivyo nakuomba uwe na salio la kutosha, maana mara hii ukikata simu katikati hatasahau. Faida ya njia hii ni kwamba yeye ndiye atakayeamua kama anataka kupigania nafasi yake au kuendelea na mpango wa kubaki, na atakuwa anaamua akiwa na karatasi nzima mbele yake. Hatari yake ni kwamba ameshatulia, na wewe utamfungulia tumaini ambalo ofisi inaweza kulifunga kesho yake. Pia anaweza kukasirika. Anaweza kumwambia baba yake, na baba akaona kwamba msimu mzima wa korosho umeliwa na uzembe wa mtoto wa mtu. Hasira hiyo ikija itakuwa na haki yake, na hutakuwa na la kufanya nayo zaidi ya kuipokea.

Unaweza kwenda kwanza ofisini, kuuliza bila kutaja jina kama barua inapokelewa bado, kisha ndipo umweleze Jirani ukiwa na jibu mkononi. Inaonekana ni busara, na inaweza kuwa hivyo ikichukua asubuhi moja. Nina wasiwasi nayo kwa jambo moja: ni rahisi sana, ukijibiwa kwamba mlango umefungwa, kujiambia kwamba sasa hakuna haja ya kumuumiza. Utakuwa umemchujia habari kwa mara ya pili. Ukichagua njia hii, jiulize kabla hujatoka chumbani kama utampigia hata jibu likiwa baya.

Iko njia nzito zaidi, ya kuandika maelezo kwa mkuu wa idara kwamba wewe, kiongozi wa darasa, ulituma ukurasa mmoja kati ya miwili, na kwamba mwenzako aliuliza na kujibiwa vibaya. Barua kama hiyo inaweza kuwa nguzo ya ombi la Jirani, kwa sababu itaonyesha kwamba hakupuuza, aliuliza kabla ya siku ya mwisho. Mshauri wa wanafunzi wa chuo chenu, au waziri anayeshughulikia mikopo katika serikali yenu ya wanafunzi, wanaweza kukusaidia kuiandika vizuri na kukwambia ipite wapi. Lakini ni maandishi, na maandishi hayarudi. Unaweza kupoteza uongozi. Mkuu wa idara anaweza kuitumia kuisafisha ofisi yake na kukuachia wewe mzigo wote. Na usiiandike bila Jirani kukubali, kwa kuwa hali ya mama yake na fedha za baba yake si zako kuzipeleka ofisini.

Na hizo laki nne na nusu. Nimeisoma sehemu hiyo mara kadhaa, kwa sababu ina upendo mwingi ndani yake. Posho yako ni shilingi 10,000 kwa siku, ya chakula na ya kulala. Ukitoa laki nne na nusu utabakiwa na laki moja na nusu kwa siku 60, yaani shilingi 2,500 kwa siku. Hiyo ni sahani moja ya wali maharage na safari moja ya daladala, na kodi bado. Lakini tuseme unaweza kuvumilia. Bado malipo hayo peke yake hayatamsajili mtu ambaye siku ya usajili imeshampita. Fedha zinaweza kuingia kwenye akaunti ya chuo na yeye akabaki nje. Na kuna hili la kwamba asijue. Ungependa asijue kwa sababu unamhifadhia heshima yake, au kwa sababu ungependa deni liishe bila kulitaja? Sikuulizi nikiwa na jibu. Huenda ni yote mawili. Ninachokiona ni kwamba fedha ya siri inafanana sana na lile jibu la siku ile kwenye simu: wewe umeshika taarifa, yeye hana. Kama unataka kumsaidia kwa fedha, iwe mkopo kati yenu au zawadi, jambo hilo linaweza kuzungumzwa kati ya watu wawili waliolala kitanda kimoja cha ghorofa mwaka mzima.

Kunyamaza nako ni njia, na sitajifanya kwamba haipo. Watu wengi huipita na maisha yao yanaendelea. Ila ifikirie mpaka mwisho wake: Jirani atarudi mwakani, ataingia darasa la walio nyuma yenu, na ofisini humo lile tangazo la mwaka huu litakuwa bado kwenye faili. Siku akiandika barua ya kurejea masomoni, kuna mtu atakayemuuliza kwa nini hakuomba muda kama wengine.

Umewataja wale wengine wawili ambao hawajasaini mahudhurio kwa sentensi moja tu, ukapita. Ninaelewa, kwa sababu hawana sura ya rafiki. Lakini kwao hakuna urafiki wa kuogopa kuuvunja, na namba zao bila shaka unazo. Ukurasa wa pili unaweza kuufikisha kwenye kundi leo hii, kwa watu wote 140, kwa maneno machache ya kusema kwamba haukutumwa siku ile. Hilo ni dogo kuliko mengine yote niliyoyataja, na linaweza kukupa nguvu ya hilo kubwa, au likakuonyesha jinsi wenzako wanavyopokea mtu anayesema "nilikosea". Uchaguzi wa uongozi nauacha. Nadhani utaona mwenyewe, baada ya wiki hii, kama bado unataka kazi hiyo, na kama unaitaka utajua utaifanya namna gani kwa wenye vitochi.

Sijui utaamua nini, na sitakudharau kwa lolote utakaloamua. Nilichokisikia katika barua yako ni binti anayekumbuka maneno yake yote aliyomwambia rafiki yake, hata yale yanayomuumiza, na asiyetafuta kuyabadilisha. Ukimpigia, anza kwa kumuuliza mama anaendeleaje, kisha msomee ile aya ya tatu kama ilivyo, polepole, maana mtandao wa kule kwao unakatikakatika.

Mama Mshauri